Mwonjaji wa Kwemlanda

Punje ilinichoma nikiwa nasuuza sahani.

Nilidhani ni maji ya moto. Nikautoa mkono kwenye beseni, nikaufuta kwa kanga, nikaugeuza. Pale kwenye kifundo, upande wa ndani, chini ya ngozi, mahali palipokuwa peupe miaka yote, palikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikapasugua kwa kidole gumba. Rangi haikutoka. Joto likapanda mpaka karibu na kiwiko, likatulia huko, na mimi nikavuta kigoda nikakaa.

Tusekile alikuwa anapanga vyombo kabatini. Huyu ni mke wa mtoto wa rafiki yangu Chausiku, ameolewa hapa tangu mavuno ya viazi, ametokea Tukuyu huko kwao kwenye migomba na mvua. Binti mtiifu mpaka anachosha. Akikusalimia anapiga goti hata kama ana ndoo kichwani.

"Mama, umeungua?"

"Mchana umenipikia nini?"

"Wali na mchuzi wa nyanya, mama. Na mchicha kidogo."

"Nyanya za wapi?"

"Za kwenye makreti, mama. Zile za kwenda langoni. Mama mkwe aliondoka haraka hakuniachia maelekezo, nikaenda kusoma ule ubao wa ghalani. Umeandikwa mwonjaji apikiwe kutoka kwenye makreti yanayosubiri kupakiwa." Akaacha kupanga vyombo. "Nimekosea?"

"Hujakosea," nikamwambia. "Nenda nyumbani."

Hakukosea, na hilo ndilo lililonikalisha chini. Nilikuwa nimekula kutoka kwenye makreti yale, au hivyo nilivyoamini, msimu baada ya msimu, na punje haijawahi hata kupata vuguvugu. Sasa binti wa watu amenipikia mara moja tu, kwa kufuata ubao, na mkono unawaka.

Nilitoka nje. Kutoka barazani kwangu unaliona lango, lile tao la chuma pale njia panda ya kuteremkia Mombo. Taa yake ilikuwa imegeuka njano. Malori yalikuwa yamesimama nyuma yake mstari mzima, na watu wameanza kukusanyika, wanatazama juu kilimani, kwangu.

*

Nieleze kidogo, kwa ajili ya mtu atakayesoma haya akiwa mbali na milima ya Usambara, au aliyezaliwa baada yetu.

Zamani, kabla sijaota mvi, serikali ilikuwa inapima mboga maabara. Wanachukua nyanya moja kwenye lori zima, wanaisaga, wanasubiri, na majibu yanarudi wakati lori lile limeshaliwa na kusahauliwa. Hospitali za mjini zikajaa watu wenye ganzi ya mikono na wajawazito wanaopoteza mimba. Ndipo ikatungwa Sheria ya Kuonja. Wanasema wazo lilitoka kwa mtu wa huku huku milimani, aliyekumbuka kwamba kwetu anayekupa kata ya dengelua, pombe yetu ya miwa, hupiga funda la kwanza yeye mwenyewe, ndipo akupe. Anakuonyesha kwamba hajatia kitu. Basi kila kijiji kinacholisha mji kikaambiwa kichague mwonjaji, na mwonjaji akapandikizwa punje.

Punje ni kitu hai. Ni seli za hamira zilizofundishwa kazi nyingine, zimefungwa kwenye utando, zote kwa pamoja ni ndogo kuliko chembe ya ulezi, na zinakula damu yako taratibu. Dawa kali ya wadudu inaua kwa kuinyima mishipa ya fahamu mapumziko. Mdudu anatetemeka mpaka anakufa. Mtu akila mabaki yake hatetemeki, lakini zile seli zinayasikia hayo mabaki hata yakiwa madogo namna gani. Zinapata joto, zinabadilika rangi, na zinaliambia lango. Malori siku hizi hayana dereva, na lori lisilo na dereva halina tumbo la kuhongwa. Lango lisiposoma mapigo safi ya mwonjaji, lori halisogei hata mkilisukuma kijiji kizima.

Mwonjaji akipata joto mara moja, taa inakuwa njano. Kesho yake asubuhi anaonja tena, langoni, mbele ya watu. Punje ikitulia, ya jana inahesabiwa hitilafu na kazi inaendelea. Ikichoma tena, taa inakuwa nyekundu, mazao yanafukiwa, na ardhi inalazwa misimu sita bila kuuza hata jani.

Mwonjaji wa kwanza wa Kwemlanda alikuwa mume wangu. Punje za wakati ule zilikuwa nzito kusikia. Zilipokuja kuchoma, mwili ulikwisha kuharibika. Lango likafungwa, naye akafa mikononi mwangu akiwa hawezi kushika kijiko. Nikiwa bado eda, nikasema nikitoka punje nipewe mimi. Watu walinionya, nikawajibu kwamba mume wangu hakufa ili kazi yake apewe mtu anayecheka cheka.

Basi nikawa mimi. Na nilijivuna, kwa nini nifiche? Sokoni Dar es Salaam wauzaji walikuwa wanapaza sauti, nyanya za Mama Mboni hizi, nyanya za Mama Mboni. Mboni mwenyewe, mwanangu wa pekee, aliolewa huko mwaka ule ule niliotoka eda. Mimba yake ya kwanza ikaharibika. Ya pili ikaharibika. Daktari hakuweza kusema kwa nini. Tangu aolewe nilikuwa nimemwambia mwanangu, achana na mboga za kuokota okota, kula za lango letu, nimezionja mwenyewe. Akanisikiliza. Hakula nyanya wala karoti ya lango jingine. Na sasa alikuwa na mimba ya tatu, imepita pale zilipoangukia nyingine, na kila jioni nilikuwa namwombea.

*

Chausiku alirudi alasiri ile ile kutoka msibani Korogwe. Ni rafiki yangu tangu tukicheza kombolela, na ndiye mpishi wa mwonjaji, yeye na kina mama wengine kwa zamu. Nilimkuta anafungua begi. Sikutoa salamu. Nilimnyooshea mkono wangu.

Hakuniuliza kama naumwa. Hakusema hata pole. Alisema, "Nani kakupikia?"

Halafu akayasikia maneno yake mwenyewe, na akaketi juu ya kitanda.

"Mkweo," nikasema.

"Sikumwambia." Alishika kichwa. "Nilitoka hapa mbio na habari ya msiba, wala haikunijia kumwambia. Hapa hakuna mtu anayeambiwa. Kila mtu anajua."

"Mimi sijui. Niambie."

Alivaa kandambili zake akatoka, nami nikamfuata. Tukapita nyuma ya zahanati, kwenye njia ambayo mimi siipiti kwa sababu haiendi popote, mpaka kwenye ua wa michongoma. Akasogeza mlango wa mabati. Ndani kulikuwa na kitalu cha nyanya, kidogo, kimetunzwa. Nyanya zilikuwa ndogo na za kupinda pinda, nyingine zimetobolewa. Majani yalikuwa yamenyunyiziwa jivu. Pembeni kulikuwa na makopo ya maji ya sabuni, na ndani ya makopo viwavi vya kantangaze vimeelea, vimekufa.

"Tunavitoa kwa mkono," Chausiku alisema. "Kila mama ana asubuhi yake. Hapa haijawahi kuingia dawa, Mama Mboni. Hata ya serikali."

"Kitalu cha nani?"

"Chako."

Nilisimama pale nikitazama. Niliona kamba za kufungia matawi zimekatwa kutoka kwenye kanga kuukuu, ili zisiumize shina. Mtu alikuwa amekaa akafanya hivyo, shina kwa shina.

"Tangu lini?"

"Ulipokuwa eda." Sauti yake ilianza kukatika. "Wewe ulikuwa ndani. Sisi ndio tuliokuwa tunampikia uji Baba Mboni mwezi wake wa mwisho, unakumbuka, wewe ulikuwa huwezi hata kusimama. Tuliona alivyokwisha. Tukasikia unaitaka punje, na wewe tunakujua, ukishasema umesema. Tukakaa hapo kisimani tukasema, sawa, atapewa. Lakini hatuziki wawili nyumba moja."

"Punje za sasa haziui, Chausiku. Zinachoma mapema. Wamezitengeneza hivyo."

"Hayo walisema pia kwa zile za kwanza."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote kati ya hayo mawili.

"Na mashamba makubwa?"

Alivuta pua. "Mwanzo walikuwa wanapiga ile dawa ya serikali tu, ile inayokufa kwa jua. Halafu, mwaka ule ule uliotoka eda, kantangaze akazidi. Mmoja akapiga fagio." Fagio ndilo jina la mtaani la ile dawa kali ya wadudu, chupa yake haina jina. "Tukangoja tuone. Punje yako haikusema kitu. Itasemaje, wakati wewe unakula za hapa? Mwenzake akaona, naye akapiga. Msimu uliofuata wote."

"Wanakijua kitalu hiki?"

"Wengine wanajua. Wengine hawakutaka kujua."

"Kwa hiyo nyinyi mmenifanya muongo," nikasema. "Miaka yote hii nasimama pale langoni na kifua mbele, na mimi ni muongo, na ndimi peke yangu nisiyejua."

"Tulikupenda," Chausiku alisema. Alilisema kama jambo la kawaida tu, akainama akatoa kiwavi kwenye jani, akakitumbukiza kwenye kopo.

*

Kaniki, mwenyekiti wa lango, alikuja kabla ya magharibi. Ni mdogo wake marehemu mume wangu. Alikohoa nje, akapiga hodi, akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha mgeni ingawa nyumba hii ameijua tangu ina sakafu ya udongo.

"Shemeji, pole na mkono."

"Mkono hauna neno. Sema lililokuleta."

Alitabasamu kidogo, amenizoea. Halafu tabasamu likaondoka. "Kesho Chausiku atakuletea sahani pale langoni. Wewe kula ile sahani. Punje itatulia, taa itazimika, malori yataondoka. Yule binti hatalaumiwa, tutasema ni hitilafu."

"Sahani ya kitalu."

"Ndiyo." Hakuzunguka, na kwa hilo nilimheshimu. "Na msimu ujao fagio hakuna. Nitapita mwenyewe shamba kwa shamba navunja chupa. Nakuapia kwa kaburi la kaka."

"Kaburi lile usilitaje."

Nje mtu alikuwa anafukuza mbuzi. Kaniki alipoanza tena, alisema polepole.

"Lango lilipofungwa ile mara ya kwanza, ulikuwa eda. Hukuona yote. Mimi nilikuwa nazunguka nyumba hadi nyumba. Watu walibandua mabati wakauza, wakaezeka nyasi. Watoto walikula viazi bila chumvi mpaka midomo ikachanika. Vijana waliokwenda kutafuta vibarua huko mabondeni, wengine hawajarudi mpaka leo. Na wakati ule sheria ilitufungia msimu mmoja tu. Shemeji, sasa ni misimu sita. Kijiji hiki hakitaamka tena. Unataka kuwaua watu wanaokupenda kwa ajili ya watu usiowajua?"

Hapo alinigusa, na alijua amenigusa. Mimi si jiwe. Nilikuwa naziona nyumba zote kutoka pale nilipokaa, na kila nyumba naijua ina nani, na nani kati yao alikuwa na asubuhi yake ya kutoa viwavi kwa ajili yangu.

"Mjini hawafi," Kaniki akaongeza. "Ni kidogo sana. Hakuna anayekufa."

"Hawafi. Wanapoteza mimba."

Alitazama kofia yake.

"Mboni anakula nyanya za wapi, Kaniki?"

"Za lango letu."

"Ulijua?"

Aliizungusha kofia ile mkononi, akaizungusha tena. Mboni ni mtoto wa kaka yake. Alimbeba mgongoni kwenda kuchanjwa.

"Nilijua anakula," alisema mwishowe. "Na nilijua kuhusu fagio. Sikuwahi kuyawaza yote mawili kwa pamoja."

Nilimwamini. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alinyanyuka, akaniaga vizuri, akasahau kofia kwenye kiti.

*

Nikampigia mwanangu saa ile ile.

"Nyanya zilizoko jikoni, usizipike," nikamwambia. "Karoti pia. Usile chochote kilichopita langoni kwetu."

"Mama, kuna nini?"

"Usiulize. Kula dagaa, kula maharage. Fanya nilivyosema."

"Punje imechoma?" Mboni ana akili za baba yake. "Mama, imechoma?"

"Kesho tutajua."

Nilisikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa chini. "Mchuzi niliuweka jikoni sasa hivi. Namwaga. Lakini mama, nyanya nyingine nimempa jirani. Yule mwenye mtoto mchanga, ananyonyesha. Nimwambie nini?"

Nilihamishia simu sikio la pili.

"Ngoja kwanza mpaka kesho," nikasema. "Usimwambie kitu."

Nikakata simu. Nikakaa na simu mapajani na nikajiona vizuri sana. Mwanangu nimeshamwokoa. Sasa ningeweza kula sahani ya Chausiku, kijiji kikapona, Mboni akala dagaa wake mpaka ajifungue, na mtoto wa jirani, huyo ni wa jirani. Kumbe ni rahisi hivi. Kaniki alikuwa ameshindwa kuyawaza mawili kwa pamoja. Mimi nilikuwa nayawaza yote, na bado nimesema ngoja.

Nililia, si haba. Halafu nikaswali, nikalala.

*

Asubuhi kulikuwa na ukungu, na ile njano ya lango ilikuwa imetapakaa ndani yake. Watu wote walikuwapo. Hata wagonjwa walikuja, wamejifunga mablanketi. Hakuna aliyekuwa anaongea kwa sauti. Walinipisha nikapita katikati yao, na wakubwa kwa wadogo wakaniamkia, shikamoo Mama Mboni, shikamoo mama, na mimi nikaitikia marahaba mpaka nilipofika mbele. Tusekile alikuwa amesimama nyuma kabisa, peke yake, macho yamevimba. Nilijua amesemwa.

"Njoo hapa usimame na mimi," nikamwambia. Akaja.

Lango lina sauti ya mwanamke, tulivu, ya Kiswahili cha redioni. "Mwonjaji wa Kwemlanda," likasema. "Onjo la pili. Tafadhali weka mkono."

Nikauweka mkono wangu kwenye kile kibao baridi. Chausiku akaja na sahani, imefunikwa kawa. Akapiga goti akaniwekea mbele. Nikafunua. Nyanya zilikuwa zimekatwa vizuri, zimetiwa chumvi na kitunguu kidogo, kama ninavyopenda. Kipande kimoja kilikuwa na pengo pembeni, pale alipokata kuondoa tundu la kiwavi. Nikakitazama kipande kile muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima.

Nikarudisha kawa juu ya sahani.

"Nileteeni kreti," nikasema.

Hakuna aliyesogea. Kwa hiyo nikaenda mwenyewe. Lori la kwanza lilikuwa karibu, nikavuta nyanya ya juu kabisa. Ilikuwa kubwa, inang'aa, haina doa. Nikarudi nayo, nikageuka nikawatazama.

"Mimi sina hotuba," nikasema. "Nina jambo moja tu. Babu zetu walikuwa na adabu. Anayekupa kata huonja kwanza yeye. Hata sheria hii imetoka huko huko kwetu. Lakini serikali ilipoileta huku juu, iliiweka kichwa chini. Mimi sikulima nyanya hii. Sikuipiga dawa. Mimi nimepewa tu. Basi leo nataka tufanye kama zamani. Aliyeilima aionje kwanza, halafu anipe."

Nikainyoosha ile nyanya mbele.

Unaweza kusema nilikuwa mkatili. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na njia nyingine ya kuwaambia. Niliwatazama mmoja mmoja. Kuna mwanamume aliyenijengea choo bure baada ya msiba. Aliangalia miguu yake. Kuna mwingine niliyemzalisha mkewe. Akajifunika blanketi vizuri. Kaniki alikuwa mbele, bila kofia. Alitazama nyanya. Mkono wake ulinyanyuka kidogo, nikaona, ukasimama, ukarudi mfukoni.

"Mwonjaji," lango likasema kwa upole. "Tafadhali onja."

Hapo ndipo Chausiku alipoinuka kutoka pale alipopiga goti. Alikuja mpaka mbele yangu, akaichukua nyanya mkononi mwangu, akaing'ata. Aling'ata kipande kikubwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka yakichanganyika na maji ya nyanya kidevuni, na alitafuna vizuri, bila haraka, mpaka akameza. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili.

"Onja sasa," akasema.

Nikang'ata upande wa pili. Nyanya ilikuwa tamu. Hilo nalikumbuka kwa sababu lilinikera, ingekuwa chungu kila mtu angejua. Nikameza. Tukasimama pale, mimi na rafiki yangu, nyanya iliyoliwa pande mbili katikati yetu, na Tusekile ameshika upindo wa kanga yangu.

Haikuchukua muda. Joto lilikuja, likapanda mkono mzima. Rangi ya chai ikageuka kahawia. Taa ya lango ikazimika, watu wote wakavuta pumzi, ikawaka tena, nyekundu.

Hakuna aliyepiga kelele. Malori yalianza kurudi nyuma moja moja kuelekea shimo la kufukia, yakipiga kile king'ora chao cha kurudi nyuma, na watu wakayapisha. Mama mmoja alikaa chini barabarani. Kaniki alikwenda akamsaidia kuinuka. Aliponipita hakunitazama, na mpaka leo tukikutana ananipa salamu tu, kofia yake nilimpelekea kwa mkono wa mtu.

Chausiku alichukua ile sahani iliyofunikwa. Nilidhani ataimwaga. Akampa Tusekile. "Kula, mwanangu," akamwambia. "Tangu jana hujala kitu."

*

Simu ililia kabla sijafika nyumbani. Nikasimama njiani, pale penye ua wa michongoma, nikapokea.

"Nimeona taa yenu," Mboni alisema. Mjini taa za malango zote wanaziona. "Mama, pole."

"Nenda ukamwambie jirani."

"Nilimwambia jana. Sikungoja." Hakulisema kwa kunisuta, lakini lilinisuta. "Alikuwa ameshapika. Akamwaga."

"Umefanya vizuri."

"Daktari amenipangia wiki hii. Mtoto anacheza, mama, usiku mzima alikuwa anacheza." Nilisikia magari ya huko kwao, na muuza maji anapita. Halafu mwanangu akaniuliza, kwa sauti ndogo aliyokuwa nayo akiwa mtoto, "Tangu lini?"

Nilijua anachohesabu. Ningeweza kusema msimu huu. Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa mabati, naona ndani zile nyanya ndogo za kupinda zimefungwa kwa vitambaa vya kanga.

"Tangu nilipotoka eda," nikamwambia.

Hakukata simu. Mimi pia sikukata.